Siagi ya Ng'ombe na Jipi la Ezira

Ezira Rutayisire Bikorimana ni mtoto wa Bikorimana yule aliyevusha ng'ombe wa ukoo wote mto Ruzizi, mwaka wa mafuriko, bila kupoteza hata ndama mmoja. Na Bikorimana alikuwa mtoto wa Muhire, aliyebeba kichwani mabati ya kwanza ya kanisa letu kutoka Uvira mpaka juu milimani, siku nne za kupanda. Ezira mwenyewe ndiye aliyepandisha lori la kwanza mpaka kijijini kwetu, fasi ambayo watu wa misheni walisema gari haliwezi kufika. Alijenga daraja kwa miti, akavuka, akalibomoa nyuma yake ili miti ile ile imvushe mto wa mbele. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi katika lori lile, kwa hiyo siandiki habari ya kusikia. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na mimi dada yake mkubwa ananiita Yaya. Ninaandika maisha yake kwa sababu wajukuu walioko Amerika wanauliza babu yao ni nani, na kwa sababu lile jambo la mwaka huu watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, wamekwisha kuanza kulisimulia vibaya.

Kwanza mjue kwa nini Ezira haachi mtu aguse gari lake.

Mwaka 1998 mke wake, Nyirabizimana, alishikwa na uchungu wa kuzaa na mtoto akakataa kutoka. Tulimpakia katika gari la mfanyabiashara mmoja tumteremshe Uvira kwa daktari. Gari lile lilikuwa limetoka kwa fundi siku mbili kabla, na fundi alikuwa amejaza kitambaa na misumari ndani ya gurudumu, fasi ya chuma. Katika kona moja gurudumu likakwama, tukasimama. Tulisimama tangu asubuhi mpaka jua likahamia upande wa pili wa mlima. Mtoto nilimtoa kwa mikono yangu hii katika majani ya kando ya njia, msichana, mzima. Mama yake hakuinuka tena. Ezira alimfunika kitenge, akasema mbele yetu sote kwamba tangu siku ile hakuna mkono wa mtu mwingine utakaofungua gari lake, na hakuna gari lake litakalosimama njiani na mgonjwa ndani. Mambo mawili hayo. Aliyashika miaka ishirini na sita.

Yule msichana ndiye Mariette. Sasa ni mke wa Pacifique, kijana mpole anayebeba madebe ya maziwa kwa pikapu kutoka upande wa Ngarama.

Tulipofika Nakivale, Ezira alilima mahindi na maharage kama watu wote, na jioni alitengeneza pikipiki za jirani. Mikono yake haikuwa na njaa ya jembe, ilikuwa na njaa ya chuma. Halafu Elisée, mtoto wake wa kwanza, anayeendesha malori Amerika, akamnunulia gari. Alilinunua kwa simu tu. Likatoka Japani kwa meli, likafika Mombasa, likaja mpaka kwetu, jipi jeupe, jipya kuliko kila gari katika kambi, la kupanda milima na kuvuka matope. Halina ufunguo wa kuzungusha. Unabonyeza kitufe, na ukibonyeza, mwanamke anasema ndani yake.

Anasema Kijapani. Sauti ni ya mtu aliyelelewa vizuri, maneno machache, kisha ananyamaza. Katika kambi yetu utapata Kiswahili, Kinyamulenge, Kifuliru, Kibembe, Kirundi, Kisomali, na lugha za Waethiopia ambazo sizijui majina. Kijapani hakuna. Watu walianza kumcheka Ezira, wakisema mjane amepata mke mwishowe, tena mke mwema, anayesema mara moja kwa siku na asiye na ndugu wa kuja kuomba chumvi. Ezira naye alicheka. Kila asubuhi alimwamkia, "Bonjour, Madame," na jina likabaki hilo, Madame.

Basi mwaka huu Mariette akapata mimba, ya kwanza, baada ya miaka minne ya kungoja. Madaktari wa Mbarara mjini wakampima. Nyonga zake ni nyembamba, za mama yake kabisa. Wakasema hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu ukianza asikae nyumbani hata kidogo, apelekwe mbio apasuliwe. Pacifique alitaka wapange chumba Mbarara miezi miwili ya mwisho. Ezira alikataa. Alisema, na mimi nilikuwapo, kwamba gari liko, na shofere yuko, na barabara ni ile ile kila siku. Pacifique aliangalia chini. Mkwe hamjibu baba wa mke wake.

Mimba ilikuwa ya miezi minane taa ilipowaka.

Ilikuwa taa ya njano mbele ya volanti, yaani usukani, duara lenye vistari pembeni, kama jua linalochorwa na mtoto wa darasa la kwanza. Ezira alileta kitabu cha gari, kinene kama Biblia na nyimbo zikiwa pamoja, chote Kijapani. Akapekua picha mpaka akaona lile jua na kando yake mchoro wa gurudumu. Akasema ni freni, hizo ambazo watu wa Mbarara wanaziita breki. Plaketi, vile vibao vinavyobana gurudumu, zimeisha, atabadili mwenyewe. Nilikuwa mlangoni kwangu nikichambua maharage, nikaona kazi yote tangu mwanzo, na ninaweza kusema sijawahi kumwona Ezira akitukanwa na mtu vile alivyotukanwa na lile gari.

Alifungua boneti aangalie mafuta ya freni, asione moteri. Ilikuwa imelazwa chini ya kifuniko cha plastiki nyeusi, kama maiti ndani ya jeneza. Vishikizo vitatu vikavunjika mkononi, akavifunga kwa nyuzi za gunia. Akatafuta kijiti cha kupimia mafuta ya gia, hakipo. Walikiondoa huko huko walikolitengenezea, maana mwenye gari haruhusiwi kujua. Akaenda kwenye magurudumu, akakuta vichwa vya skrubu vina umbo la nyota, na spana zake zote, alizotoka nazo Kongo zimefungwa katika shuka, hazikuingia hata moja. Alikaa siku mbili akichonga bisibisi kwa tupa mpaka ikawa nyota. Mimi ninasema hakuna mtu mwingine Nakivale angeweza. Lakini ilipoingia, na skrubu ikalegea, gari likawaka taa nyingine, nyekundu, na honi ikalia peke yake mpaka kuku wakakimbia.

"Yaya," aliniambia, amekaa chini vumbini, "hii gari haitaki niiguse. Inajua mukono yangu na inaikataa."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia baridi katika maneno yake.

Akakubali kwenda Mbarara, kuuliza tu. Tulikwenda naye kwa fundi mmoja anayeitwa Natanaeli, Mnyankore mwenye tumbo kubwa na macho ya kucheka. Kiswahili chake ni kile cha jeshi, alijifunza kambini Makenke alipokuwa akitengeneza malori ya askari. Natanaeli alizunguka jipi, akapiga mluzi, akaingiza waya wa mashine yake chini ya volanti, na mashine ikaandika mistari.

"Mzee, hii si gari ya zamani," alisema. "Hii nasoma na mashine kwanza. Halafu nafungua gurudumu zote, nasafisha, naweka mafuta yake. Acha hapa, wewe kuja kesho."

"Siachi gari."

"Basi lala ndani. Mimi naleta chai."

Ezira akataka kuona hayo mafuta yake ni mafuta gani. Natanaeli akamwonyesha kichupa laini, kidogo kama kidole. Ezira alicheka, akauliza kama ni ya kupaka midomo.

"Midomo ikikauka haiui mtu, Mzee," Natanaeli alisema. "Breki ikikauka inaua."

Hapo Ezira alipanda gari. Alinunua plaketi mpya duka la jirani na tukaondoka. Natanaeli hakukasirika. Alikuwa amebandika karatasi ndogo ya namba yake ya simu kwenye kona ya kioo cha mbele, kwa ndani. Aliinama dirishani na kusema, "Utaniita." Tulipofika nyumbani Ezira aliikwangua kwa kisu. Ilitoka nusu, jina likaenda, namba ikabaki.

Sasa nitaandika juu ya siagi, na ninaomba mtu asiruke fasi hii, maana ndipo wanapoongea vibaya, wanasema Ezira alifanya uchawi.

Kwetu siagi ya ng'ombe si chakula tu. Bibi arusi anapakwa. Mtoto akitolewa nje mara ya kwanza anapakwa utosini. Ngozi, mkuki, mlango unaolia, vyote siagi. Na Ezira alipokuwa shofere kule milimani, grisi ya dukani ikiwa imejaa mchanga, alipaka siagi kwenye springi za lori na minyororo yake, miaka kumi na mitano, na malori yale hayakulia wala hayakukwama. Watu walimjua hivyo, shofere wa siagi. Basi siku ile alikuja mlangoni kwangu, akasema, "Yaya, unipatie siagi, ile ya kibuyu, ya bila chumvi." Nikamwuliza kama ni ya kula. Akasema ni ya kazi. Nilimpa kibuyu kizima. Nilikuwa nimeisuka mwenyewe, na niliona fahari, sitadanganya. Niliona kwamba kitu cha kwetu kitashinda kichupa cha Natanaeli.

Kila freni ya gari lile ina pini mbili za chuma, na kila pini inaingia ndani ya kofia ndogo ya mpira ili vumbi lisiipate. Pini zikiteleza, freni inashika na kuachia. Ezira alizitoa zote, akazifuta, akazijaza siagi, akazirudisha ndani ya kofia zake. Akaweka plaketi mpya. Akabonyeza kitufe. Lile jua la njano halikuwaka, ile taa nyekundu pia ilikuwa imezimika. Gari liliteremka mpaka ziwani na kurudi bila sauti, kama paka. Watu walipiga makofi. Juma lile walikuja na magari yao, na Ezira aliyapaka yote kwa siagi yangu, bila kudai kitu, kwa furaha tu. Pikapu ya Pacifique aliipaka. Minibasi ya kwaya ya kanisa aliipaka. Pamoja na jipi lake yalikuwa magari saba.

Siku ya tatu, Madame aliongeza maneno.

Alisema yale yake ya kila siku, akapumzika, kisha akasema mengine, marefu, kwa sauti ile ile nzuri. Sote tulikuwa tumezunguka gari. Mtu mmoja akasema mke ameanza kuzoea nyumba. Ezira akasema anashukuru kwa siagi. Tulicheka, lakini niliona mkono wake umebaki hewani juu ya kitufe, haushuki.

Kesho yake alisema tena. Na kesho yake. Jioni moja Mariette, akiwa amelemewa na tumbo lake, aliegemea mlango wa jipi na kusikiliza mpaka mwisho.

"Papa," alisema, "uyu mama hashukuru. Mutu anayeshukuru harudii kila siku."

Ezira alimwambia aende akapumzike. Nami baadaye nilimwambia ampigie yule fundi wa Mbarara, amsikilizishe tu kwa simu. Akanijibu kwamba mimba imebakiza majuma mawili, na hawezi kuacha gari kwa mtu majuma mawili kabla ya saa yenyewe. Kila alichosema kilikuwa na akili. Ndicho kilichonitisha. Siku kumi na moja Madame alisema maneno yale, na siku kumi na moja sisi tulimwitikia "asante, Madame" na kufunga mlango.

Uchungu ulikuja Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, juma zima kabla ya siku yake. Pacifique alikuwa ameondoka na maziwa, maana ng'ombe hawajui Jumapili. Ezira alivaa shati safi. Tulimlaza Mariette kiti cha nyuma, kichwa juu ya mapaja yangu. Ezira akabonyeza kitufe, Madame akasema maneno yake, mafupi na marefu, na safari hii hakuna aliyemjibu.

Njia ya udongo tuliipita vizuri, vumbi jekundu nyuma yetu, ziwa upande wa kushoto limetulia kama kitu kinachongoja. Tulipopanda kuelekea Kabingo nilisikia gari limekuwa zito. Ezira alikanyaga mafuta, moteri ikalia, na gari likaenda polepole, kama kuna mtu amelishika nyuma. Shingo yake ilikuwa na jasho.

Kisha harufu ikaja.

Ilikuwa harufu ya siagi iliyo motoni. Kwetu hiyo ni harufu ya arusi, ya nyumba yenye mtoto mchanga, na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi. Halafu ikageuka. Chini ya siagi kulikuwa na mpira, na chini ya mpira chuma. Moshi mwembamba ulipita dirishani kwa upande wa kulia.

"Papa, simama," Mariette alisema.

"Hapana."

"Papa, ni moshi."

"Mama yako alikufa sababu tulisimama."

Ezira alikuwa hajawahi kumwambia maneno hayo tangu azaliwe. Mariette alinishika kifundo cha mkono, akakikaza, na uchungu ulipomjia aliuma kitenge asitoe sauti. Madame alianza kusema. Alimaliza, akaanza upya. Alimaliza, akaanza upya. Tulikuwa tumekwisha kupita Kabingo, juu ya lami, na mbele yetu mteremko ule mrefu wa kwenda Mbarara ulikuwa umefunguka.

Ezira alikanyaga freni. Niliuona mguu wake ukienda mpaka chini, kama mtu aliyekanyaga maji. Akainua, akakanyaga tena. Maji. Akavuta mkono wa gia nyuma, moteri ikapiga kelele, gari likapunguza kidogo, halafu mlima ukalichukua tena.

"Yaya," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "shika mutoto."

Upande wa kushoto watengeneza barabara walikuwa wameacha lundo la udongo mwekundu, refu kama nyumba. Ezira alilipeleka gari pale, si kwa kuligonga, kwa kulipandisha, vile alivyolipandisha lori zamani juu ya miti. Lilipanda, likazama, likakaa upande. Nilimfunika Mariette kwa mwili wangu. Tulipotulia nilisikia vitu viwili, pumzi yake na sauti ya Madame.

Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa na moto mdogo wa buluu. Ezira alitoka, akachota udongo kwa mikono miwili na kuutupa, hautoshi, akachota tena na kuukandamiza juu ya chuma chenyewe kwa viganja vyake mpaka moto ukafa. Alipoiondoa mikono, ngozi ilibaki pale. Kisha kwa mikono ile ile akanisaidia kumtoa Mariette, na tukamlaza kwenye majani, kando ya njia, juu ya kitenge.

Nilijikuta nimepiga magoti fasi ile ile. Mlima mwingine, nchi nyingine, majani yale yale, mimi na mikono yangu na tumbo lisilotaka kufunguka. Magari mawili yalipita, hayakusimama. Ezira alisimama katikati ya lami mikono yake imeinuka kama mtu anayesali, na watu walimwogopa. Nilimwangalia, naye aliniangalia, na ninajua tulikuwa tunaona mwaka ule mmoja.

Akarudi kwenye jipi, akainama mbele ya kioo.

"Yaya, soma iyi namba."

Niliisoma, nikaibonyeza kwenye simu yangu, nikamshikia sikioni, maana vidole vyake havikuweza kushika kitu. Nilisikia watu wakiimba upande wa pili, kisha sauti ya Natanaeli ikinong'ona kwamba yuko kanisani.

"Ni ule muzee wa Nakivale," Ezira alisema. "Ule wa kukataa kuacha gari." Akaliangalia jipi. "Nimeiacha. Kuja uchukue mutoto yangu."

Nilimtajia mteremko tuliokuwapo, na Natanaeli alifika na suti yake ya Jumapili, chini ya nusu saa, na pikapu yake mwenyewe, nayo ilikuwa inanuka maziwa kama ile ya Pacifique. Hakuuliza chochote. Alimbeba Mariette kama mtu anayebeba mtoto wake mwenyewe, akaniweka kando yake, na Ezira akapanda nyuma na mikono yake hewani. Mlango wa jipi tuliuacha wazi. Tulipoondoka Madame alikuwa bado anasema, peke yake, juu ya lundo la udongo.

Walimpasua Mariette saa ile ile. Mtoto ni msichana, na ameitwa Nyirabizimana. Mariette alipoteza damu nyingi, siku mbili hakufungua macho sawasawa, na daktari akituambia habari zake alikuwa anaangalia ukutani. Siku ya tatu aliomba uji. Ezira alikuwa wadi ya pili, mikono yake imefungwa bandeji mpaka viwiko, kama magunzi mawili ya mahindi.

Siku hiyo hiyo Natanaeli alikuja kumwona. Pacifique alikuwapo, nami nilikuwapo. Natanaeli alifungua karatasi juu ya kitanda, na ndani yake kulikuwa na ile kofia ndogo ya mpira, ya gurudumu la mbele la kulia. Sikuitambua. Ilikuwa imevimba, laini, inang'aa, kama kupe aliyeshiba damu.

"Mzee, hapa uliweka mafuta gani?"

Natanaeli aliinusa tena, akatikisa kichwa, na macho yake ya kucheka hayakucheka.

"Mimi ni Mnyankore. Hii harufu najua tangu ziwa la mama. Hii tunafanya eshabwe, tunaweka kwa chakula ya arusi. Mpira ya breki ikikunywa hii, inavimba. Pole pole, siku kwa siku. Ikivimba inakamata pini. Pini inakamata breki, breki hataki kuachia, inachoma mpaka mafuta ya breki inachemka." Akatoa simu yake. Alikuwa amemrekodi Madame, na simu ilikuwa imetafsiri maneno yake. "Huyu mama naye, unajua alisema nini? Alisema breki iko na shida. Simamisha gari mahali salama."

Niliangalia mikono yangu. Siagi ilikuwa yangu, na bado nilikuwa na vibuyu viwili nyumbani.

Ezira alikuwa ameganda. Niliona midomo yake ikihesabu, nikaelewa anahesabu nini kabla hajafungua mdomo. Akauliza ni siku ngapi mpira unavimba. Natanaeli akasema inategemea, siku kumi, majuma matatu, gari ikishuka milima mingi ni upesi zaidi.

"Pacifique," Ezira alisema. "Kuja karibu. Inua macho, uniangalie."

Pacifique aliinua macho. Sijui kama alikuwa amewahi kumwangalia baba mkwe wake hivyo.

"Pikapu yako iko wapi?"

"Iko hapa inje, Papa."

"Muachie Natanaeli ufunguo. Usiipande tena." Akamtajia mengine, gari kwa gari, jina kwa jina, Papa Doriane wa mahindi, mwalimu Aloys, wale ndugu wawili wa Kibembe na gari lao moja, na yule mama wa duka la dawa. Kila gurudumu lifunguliwe, siagi itolewe yote, mipira itupwe. "Mikono yangu haiwezi. Ni kazi yako sasa."

Pacifique alikuwa anahesabu kwa vidole. Akasema hayo ni sita pamoja na pikapu na jipi lenyewe.

"Ya saba ni minibasi ya kwaya," Ezira alisema.

Hapo mimi ndiye niliyewaambia, maana nilikuwa nimezungumza na jirani kwa simu asubuhi. Kwaya ilikuwa imealikwa Ngarama. Waliondoka mapema, watu kumi na wanane, wakiimba. Natanaeli alijaribu namba ya shofere wao mara tatu, na mara tatu simu ilikuwa haipatikani. Milima ya kule inakata simu.

Ezira alifunga macho, akayafungua. Alichukua ile kofia ya mpira kati ya bandeji zake mbili, kwa shida, akaiweka katika kiganja cha Pacifique.

"Anza na hiyo minibasi," alisema. "Ufuate na pikipiki. Ukibafikia, usiseme gari imeharibika, hawatakuamini, watasema inateleza muzuri. Baonyeshe hii. Sema ni Ezira Rutayisire alikosea. Sema jina yote. Na kama njiani unasikia harufu ya siagi kabla ya kubaona, usiogope kuikimbilia."